Amri ya Kusalimiwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilishindwa katika kesi niliyokuwa nikiihukumu mwenyewe. Najua hilo si jambo la kujivunia, lakini vijana mnaosoma sheria huwa mnaniomba nianzie mwanzo, na mwanzo wenyewe ndio huo.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada, suti moja, na tai niliyofungiwa na mjomba kwa sababu mwenyewe sikujua kuifunga. Wenzangu wengi walikwenda kwenye ofisi za mawakili Dar es Salaam. Mimi nilipangiwa mahakama ya mwanzo hapa Mwanza mjini, upande wa Mirongo, katika jengo ambalo mvua ikinyesha shahidi alilazimika kupiga kelele ili asikike. Mahakama ya mwanzo ndiyo ngazi ya chini kabisa ya mahakama zetu. Shauri huanzia pale, huendeshwa kwa Kiswahili, na wakati wangu hapakuwa na wakili wa kusimama kumtetea mtu. Mwananchi alijisemea mwenyewe, na aghalabu alisema zaidi ya alichoulizwa.

Kesi ya kwanza ilikuwa ya wauza samaki wawili. Mmoja alishtakiwa kwa lugha ya matusi: alimwita mwenzake, mbele ya wateja, "sato wa jana." Nilifungua vitabu vyangu. Nikaona tusi lazima liwe neno la kuvunja heshima ya mtu, na sato ni samaki anayeheshimika. Nikaandika kwamba mshtakiwa hana hatia.

"Bado, mheshimiwa," karani akaninong'oneza. "Hujawauliza washauri."

Washauri wa mahakama walikuwa raia wawili, watu wazima wa eneo lile, waliokaa kushoto na kulia kwa hakimu. Chuoni tulisoma habari zao kwa haraka. Sikuwa nimezingatia jambo moja: hawakuwa pambo. Uamuzi ulikuwa wa kura. Wawili wakikubaliana, hakimu na shahada yake anaandika walichosema wao na kutia saini. Wale wawili wakasema sato wa jana ni tusi kubwa. Mshtakiwa akatiwa hatiani kwa kura mbili dhidi ya moja. Hadi leo naamini walikosea. Mlalamikaji kweli aliuza sato wa jana, niliwahi kuwanunua. Lile halikuwa tusi, ulikuwa ushahidi.

Hivyo ndivyo nilivyokutana na swali ambalo limenila maisha yote ya kazi: sheria ni nini hasa, na inakaa wapi? Imo kitabuni, au imo vinywani mwa wazee wawili waliokaa kando yangu?

Nje ya mahakama yetu palikuwa na vishoka, wale watu wasio mawakili wanaowaandikia wananchi maombi chini ya mwavuli. Nao walikuwa na jibu lao. Nilimsikia mmoja akimfunda mwenzake aliyeanza kazi: "Wewe, mteja akikuuliza sheria inasemaje, usihangaike na vitabu. Muulize karani leo yuko hakimu gani, na ameamkaje." Nilikasirika. Kumbe bila kujua kishoka yule alikuwa akifundisha nadharia inayoheshimika sana vyuoni: kwamba sheria si maneno yaliyoandikwa, bali ni kile ambacho mahakama itakifanya kweli siku hiyo, ikiwa na watu wake, njaa zao na mafua yao. Wenye msimamo huo hupenda kuitwa wanauhalisia. Yule wa kwetu aliitwa kishoka na mara kwa mara alifukuzwa na polisi.

Aliyenilea kikazi alikuwa Hakimu Mfawidhi wa Wilaya, yaani hakimu aliyesimamia mahakama zote za wilaya yetu. Alikuwa mtu mwembamba, msafi, aliyevaa fulana ya sufu hata jua likichoma. Ukimpelekea hukumu hakusoma hoja zako kwanza. Aliuliza neno moja: "Kifungu?"

Nikianza kueleza kwamba mazingira ya shauri yalikuwa ya kusikitisha, aliinua mkono.

"Kijana, sikukuuliza unajisikiaje. Nimekuuliza kifungu."

Siku moja nilijipa moyo nikamwambia kwamba sheria nyingine zenyewe ni mbaya. Hakukasirika. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya fulana.

"Ni mbaya, ndiyo. Waandikie wabunge. Lakini wewe ukianza kuhukumu kwa moyo, leo una moyo mzuri, sawa. Siku utakayokuwa na moyo mbaya, nani atakuzuia?"

Sijapata utetezi bora zaidi wa msimamo ule. Wanaouamini husema sheria ni ile iliyowekwa na mwenye mamlaka kwa utaratibu unaotambuliwa, basi. Kama ni nzuri au mbaya, hilo ni swali jingine la siku nyingine. Vijana huwaona watu hawa kuwa na roho ngumu. Wengi wao, kama Mfawidhi wangu, ni watu waliokwisha kuona madhara ya hakimu mwenye huruma kwa jamaa zake.

Baada ya miaka kadhaa mjini nilihamishiwa mahakama ya mwanzo moja ya vijijini, kwenye ufuko wa ziwa, upande wa Wasukuma wakulima wa pamba. Sitakitaja kijiji kwa sababu watu wake wapo, na wanasoma. Huko washauri wangu walikuwa Mzee Hemedi, mwenye duka, Mwislamu ambaye babu yake alikuja kutoka Tabora na ngozi za kuuza akasahau kurudi, na Mama Nyanzobe, mkulima mjane, ambaye alisikiliza kesi akimenya karanga mbichi chini ya meza na kudhani sioni.

Ndipo akaja Kabula.

Alikuwa mwanamke wa makamo, fundi cherehani. Aliingia kwa karani, akasimama wima, akasema anataka kumshtaki mtemi. Mtemi hapa si chifu wa zamani. Ni kiongozi wa sungusungu, ule ulinzi wa wananchi wenyewe, na ndiye anayeongoza dagashida, mkutano wa kijiji unaoketi kuamua makosa ya watu kwa mila.

"Amekufanyia nini?" karani akamuuliza.

"Hajanifanyia kitu. Hawanifanyii kitu wote. Hilo ndilo shitaka langu."

Karani alikuja kwangu na kalamu hewani. Katika madai ya watu kuna sehemu inayoitwa nafuu, yaani kile unachoomba mahakama ikupe: shamba, ng'ombe, talaka. "Mheshimiwa, huyu mama kwenye nafuu niandike nini? Anasema anaomba mahakama iamuru asalimiwe."

Nikamwita ndani aeleze mwenyewe. Kabula alikuwa ameishi Mwanza mjini zaidi ya nusu ya umri wake. Alirudi kijijini kumuuguza mama yake, Bibi Milembe, aliyepigwa na kiharusi na hakuweza tena kuinuka kitandani. Akaweka cherehani barazani, akawa anashona huku sikio likiwa chumbani. Ukatokea msiba. Kabula akampa mtoto wa jirani hela za rambirambi azipeleke. Ukatokea wa pili, akatuma tena, na safari hii aliongeza. Wa tatu ulikuwa wa mdogo wake mtemi mwenyewe. Akatuma.

Mnaoishi mjini hamtaona kosa. Mjini ukituma rambirambi umehudhuria. Tena wengine hushukuru kwamba hukuja kujaza kiti. Kijijini pale, kutuma hela bila kufika mwenyewe ni kama kumwambia mfiwa: kaburi lako lina bei, nimeilipa. Dagashida ikaketi. Kabula akatengwa. Tangu hapo hakuna aliyemsalimia. Akifika kisimani, wengine walijitwisha ndoo zao nusu nusu wakaondoka. Mwenye mashine ya kusaga hakumsagia. Aliyevunja amri hiyo angetozwa faini na dagashida, hata kama ni ndugu.

"Kutosalimiwa naweza kuvumilia," Kabula akasema, "mimi nimekaa mjini. Lakini mama yangu hajui. Anauliza wenzake mbona hawaji kumwona. Nimemwambia wanavuna pamba. Jana ameniuliza, 'Pamba gani hiyo isiyoisha?'" Akaongeza: "Na mama hana siku nyingi, mheshimiwa. Akifa, hakuna atakayekuja kuchimba. Mimi nitamzika na nani?"

Hilo ndilo lililokuwa mezani: si salamu, bali kaburi la kikongwe ambaye bado alikuwa hai.

Nilisisimka, na si kwa sababu nzuri peke yake. Niliona hukumu kubwa ikinijia. Niliona utu wa mtu, Katiba, jina langu kwenye vitabu vya wanafunzi. Chuoni tulifundishwa habari za sheria ya asili: kwamba juu ya sheria za watu kuna haki ambayo haikutungwa na bunge lolote, ambayo kila mwenye akili anaijua, na kwamba amri inayokwenda kinyume nayo haistahili hata kuitwa sheria. Kabula hakuwa amesoma hayo. Alisema tu, "Hata kama haikuandikwa popote, mtu haachwi amzike mama yake peke yake." Nadharia nzima ilikuwa imeketi mbele yangu imevaa kitenge.

Siku ya kusikilizwa watu walijaa mpaka madirishani. Mtemi, Mzee Masanja, alikuwa mrefu, mpole, aliyeongea kama mtu anayeswaga ng'ombe wasiokuwa na haraka. Nilimtupia swali la kumnasa.

"Mzee Masanja, ni sheria gani inayoipa dagashida mamlaka ya kumtenga mtu?"

"Mheshimiwa, na wewe mamlaka umepewa na nani?"

"Na sheria ya Bunge."

"Na Bunge?"

"Na Katiba."

"Na Katiba hiyo nguvu yake imetoka wapi?"

"Kwa wananchi."

Mzee Masanja akageuka, akawatazama waliojaa madirishani, kisha akanigeukia. "Sasa sisi ni nani?"

Mahakama ililipuka kwa kicheko. Ilinibidi nigonge meza. Lakini swali lake ni zito, na wanafalsafa wa sheria wamelitolea jasho: ukifuata kila sheria kwenye shina lake, unafika mahali ambapo hakuna kifungu tena, kuna watu tu waliokubali kwamba hivi ndivyo tunavyoishi. Na wapo wanaosema basi tuache kuhangaika na vitabu. Sheria hasa ni ile inayoishi katika mwenendo wa watu, ile wanayoitii bila polisi.

"Ngoja niseme jambo moja zaidi," Mzee Masanja akaendelea vicheko vilipotulia. "Kijiji hiki hakina gari la maiti. Hakina watu wa kukodi wakachimba. Kina mikono. Mkono mmoja ukisema, 'mimi nitatuma hela,' kesho kila mkono utatuma hela. Zitajaa kapu. Nani atashika jembe? Huyu Kabula hatumchukii. Tunaogopa atatufundisha."

Nilitazama karatasi zangu. Sikuwa nimejiandaa kuona mtesaji akiwa na hoja.

Tuliingia chumba cha nyuma kushauriana. Nikawasomea wenzangu nilichokwisha kuandika usiku: kurasa kumi na moja. Nilitangaza kutengwa ni batili na nikapiga marufuku mtu yeyote kuendelea nako. Mzee Hemedi alisikiliza amefumba macho.

"Maneno mazuri," akasema. "Ila mimi nalitupa dai lake."

"Mzee, unamwonea huyu mama?"

"Namwonea huruma. Lakini salamu ya amri si salamu. Leo mahakama ikiniamuru nikusalimie, nitakusalimia, lakini kwa meno. Na kaburi nalo litachimbwa kwa meno? Usitoe amri ambayo huwezi kuitekeleza, mheshimiwa. Utawafundisha watu kwamba amri zako ni upepo."

"Mama Nyanzobe?"

Alikung'uta maganda ya karanga kwenye khanga. "Mimi ninachouliza ni kimoja. Siku ile walipoketi, Kabula alikuwapo?"

Nikapekua mwenendo wa shauri, yaani maandishi ya kila kilichosemwa. Hakuwapo.

"Hata mwizi wa ng'ombe huitwa katikati akasema lake," Mama Nyanzobe akasema. "Mimi sisemi wamekosea kumtenga. Pengine na mimi ningemtenga. Kuna siku nilimwita kisimani akajifanya hasikii. Lakini wamsikilize kwanza."

Kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa: hilo nalo lina jina vitabuni, linaitwa haki ya asili, na ni mojawapo ya mahali pachache ambapo wenye vifungu, wenye mila na wenye dhamiri hukutana wakakubaliana. Mzee Hemedi alifumbua jicho moja.

"Nikienda na mama, tunakwenda kula?"

Basi. Kura mbili dhidi ya moja, tena. Mahakama ikaamuru kutengwa kusimame kwanza, na dagashida iketi upya imsikilize Kabula kabla ya kuamua lolote. Kurasa zangu kumi na moja ziliingia droo. Mzee Masanja aliinamisha kichwa, akasema wataketi siku ya gulio lijalo; hadi hapo hakuna mwanakijiji aliyethubutu kumsogelea Kabula.

Bibi Milembe hakungoja gulio. Alifariki alfajiri, siku chache tu kabla.

Hakimu hatakiwi kwenda msibani kwa mtu mwenye shauri mbele yake. Nililijua hilo vizuri sana, na nililirudia njiani nikienda. Kwenye ua wa minyaa sikusikia kilio cha watu wengi kama ilivyo desturi, nikasikia chuma kikigonga jiwe. Kabula alikuwa ameanza kuchimba mwenyewe. Ardhi ya huko ukipiga shubiri mbili unakutana na mwamba. Kando yake alikuwa Mzee Hemedi, kanzu ameikunja kiunoni, anatoa mchanga kwa sepetu.

"Mzee, si wewe uliyetaka kulitupa dai lake?" nikamnong'oneza.

"Nililitupa dai. Sikumtupa mtu," akasema akihema. "Usisimame hapo kama mnara, shika ndoo."

Jua lilikuwa limepanda tulipowaona wanakijiji. Walikuja wengi, wanaume na majembe, wanawake na vyombo, wakasimama nje ya minyaa. Hakuna aliyeingia. Mzee Masanja akasogea mpaka mlangoni pa ua.

"Kabula," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi jina lake kuitwa na mtu wa kijiji. "Mahakama imesema usikilizwe. Dagashida imeketi hapa hapa. Sema."

Kabula alibaki ndani ya shimo, udongo umemfika magotini. Nilidhani atalia. Hakulia.

"Nilituma hela nikadhani nimekuja," akasema. "Hapo nilikosa, na mtu angeniambia ningejua. Hakuna aliyeniambia. Lakini mama hakutuma hela. Mama amewazika baba zenu, na wengine mlipozaliwa alikata vitovu vyenu kwa mkono huo huo. Mlinitenga mimi, aliyekaa peke yake ni yeye. Nimemdanganya mpaka pumzi ya mwisho kwamba mnavuna pamba."

Ajuza mmoja akajipenyeza mbele, fimbo mkononi, akamsimamia mtemi usoni.

"Masanja! Mimi na Milembe tuliolewa mwaka mmoja. Ulinikataza nisije kumwona. Nimekutii. Sasa nirudishie siku hizo. Haya, nirudishie!"

Jibu la hilo sijalipata kwenye kitabu chochote. Kila mfumo wa sheria una namna ya kutoza faini. Hakuna unaojua kurudisha siku.

Mzee Masanja akawageukia wazee wenzake. Akanong'ona nao, kisha akapaza sauti. Kabula ana kosa: misiba mitatu ijayo atakuwa wa kwanza kuchota maji na wa mwisho kuondoka. Na dagashida nayo ina kosa kwa kutomwita: mbuzi wa msiba huu atatoka zizini kwa mtemi. Akavua koti, akamkabidhi yule ajuza, akaingia shimoni na kumpokea Kabula jembe. Ndipo wanawake wakaingia ndani ya ua, na kilio kikaanza, kile kilio kikubwa ambacho mama yule alistahili tangu alfajiri.

Nilichimba zamu yangu. Viganja vyangu vya shahada vilipasuka mapema sana, jambo lililowafurahisha watu kuliko mazishi yanavyoruhusu.

Taarifa za amri yetu zilikuwa zimefika wilayani mara tu ilipotolewa. Mfawidhi aliitisha jalada kwa mapitio, maana hakimu wa juu anaweza kulikagua shauri la chini na kurekebisha makosa. Sikushangaa aliponiita.

"Mahakama ya mwanzo imerudisha shauri kwenye mkutano wa kijiji," akasema. "Kifungu?"

"Hakuna, mheshimiwa."

"Hakuna. Nimeifuta amri yako." Akanisukumia karatasi. Nikasoma tarehe, nikahesabu. Jalada lilimfikia kabla ya Bibi Milembe kufa. Amri aliifuta wiki nyingi baada ya mazishi.

"Mheshimiwa, jalada hili ulikuwa nalo tangu..."

"Nilikuwa na mafua," akasema, akivuta fulana yake ya sufu vizuri. "Kapeleke nakala kwa wahusika."

Nilimfikiria kishoka wa Mirongo. Hata mtu wa vifungu aliyenyooka kuliko wote niliowajua, siku moja aliumwa mafua yaliyokuja wakati wake. Sijui kama alitenda haki au alivunja wajibu. Nimefanya kazi miaka mingi tangu hapo na bado nalipima, kila mwaka linaegemea upande mwingine.

Nakala niliipeleka mwenyewe. Nilimkuta Mzee Masanja akikarabati zizi, nikamsomea: amri ya mahakama ya mwanzo imefutwa, ni kana kwamba haikutolewa kamwe.

"Kwa hiyo sheria inasema tunaweza kumtenga tena?"

"Kisheria, amri iliyowazuia haipo tena."

"Mwambie mkubwa wako amechelewa," akasema, akirudi kwenye kigingi chake. "Kabula ameshatuzikia watu wawili."

Baada ya hapo nilihamishwa Ukerewe, ambako kivuko kikiharibika mashahidi hawafiki na hakimu husoma magazeti ya zamani. Kisha nikapandishwa hakimu mkazi, nikarudi Mwanza mjini, Nyamagana, kwenye jengo lenye viyoyozi na mawakili wanaosimama kila baada ya sentensi. Huko niliandika hukumu ndefu kuliko zile kurasa kumi na moja, na nadhani hakuna hata moja iliyomfanya mtu ashike jembe. Nikaomba kustaafu kwa hiari umri uliporuhusu. Sasa naishi Butimba, naandika makala kama hizi, na majirani huniita "hakimu" kwa sauti ambayo si ya heshima sana.

Mkiniuliza niko upande gani, nitawaudhi. Mwenye vifungu alinikinga na moyo wangu mbaya, na siku nyingi nilimhitaji. Mwenye dhamiri alinionyesha mtu aliyekuwa nyuma ya jalada. Mwenye mila alinikumbusha kwamba kuna sheria zinazotiiwa na watu ambao hawajawahi kumwona askari. Lakini watu walipovuka ule ua wa minyaa sikuona ni nadharia ipi iliyokuwa imewashika mkono. Labda amri yangu, au mila yao, au aibu mbele ya yule ajuza. Wanafunzi wanapenda jibu moja kwa sababu mtihani una nafasi ya jibu moja. Someni zote. Kisha siku mtu atakapoleta dai ambalo karani hajui aliandike vipi, msimfukuze.

Mwaka jana nilipita kijijini kwao. Kabula amezeeka, cherehani bado ipo barazani. Alinisindikiza stendi, mwendo wa kama dakika kumi kwa mtu asiye na deni la salamu. Ulituchukua karibu saa nzima. Kila mlango ulikuwa na mtu wake. "Mwangaluka, Kabula!" "Shikamoo, bibi!" "Mgeni huyo ni nani, mbona hasimami?" Watoto walitoka mbio shambani kuja kupokea marahaba yao. Mama mmoja alituita turudi tulikokwisha kupita kwa sababu alikuwa bafuni tulipopita mara ya kwanza. Gari langu nililiona likiondoka kwa mbali.

Kabula alijipangusa jasho, akanitazama.

"Hakimu," akasema, "hawa watu wananichosha. Hakuna sheria ya kuwanyamazisha?"

Nikamwambia shauri hilo siwezi kulipokea, nimeshastaafu.